Jibu: Kunguru anakumbuka sura au nguo?
Mkuu, umeuliza kama kunguru hushika sura ya mtu au anaangalia nguo tu. Ni sura. Mwaka 2006 mtafiti wa ndege John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, Marekani, walivaa kinyago cha mtu wa pangoni, wakawanasa kunguru saba, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Tangu hapo yeyote aliyekatiza na kinyago kile, mwanamke au mwanamume, mnene au mwembamba, alizomewa na kufuatwa juu kwa juu. Kinyago cha Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wakati huo, ambacho hakikutumika kunasia, kilipita bila zogo la maana.

Kinachonishangaza zaidi: miaka mitano baadaye wazomeaji walikuwa wameongezeka, na wengi wao hawakuwahi kunaswa! Waliambukizwa uadui na wenzao, makinda wakarithi kwa wazazi. Umbea mtupu.

Na wakikuambia ndege ana "ubongo mdogo" hivyo hawezi kukumbuka, achana nao. Seli za neva katika ubongo wa kunguru zimebanana sana. Gramu kwa gramu anazo nyingi kuliko tumbili. Kwa hiyo kama umeshamkorofisha mmoja, kubadili shati hakutakusaidia.