Mtoto akifika miaka 7 harudi kwa baba "automatiki"

Pole sana mkuu. Umeandika kwamba mkeo kaondoka na mtoto wa miaka 4, na wazee wamekutuliza usubiri, akifika 7 atarudi kwako mwenyewe. Na mimi niliambiwa hivyohivyo. Nikakaa kimya karibu miaka miwili, na kimya hicho ndicho kilichoniponza.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ila dhana hiyo unaweza kuipinga kwa ushahidi. Hakuna palipoandikwa kwamba akitimiza 7 anahamishwa. Tena kifungu hichohicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Sasa piga hesabu: wewe unasubiri, yeye kule anazoea shule, anazoea bibi yake, anapata marafiki.

Talaka huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Mimi nilijifanya mjuaji nikaenda moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo, karani akaniuliza hati ya baraza, ile ya kuthibitisha usuluhishi umeshindikana, iko wapi, nikarudi nyumbani na nauli imeliwa. Kama shida yako ni mtoto tu na talaka huitaki, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kuomba malezi bila kuvunja ndoa.

Kilichonimaliza kwenye kesi ya malezi ni afisa ustawi wa jamii, aliyekuja kuchunguza nani amlee mtoto. Alikuja kwangu Tabata, akakaa kwenye stuli, hata soda hakunywa. Nilikuwa nimemwandalia risiti za ada, zote kwenye bahasha. Akaniuliza: mtoto anavaa kiatu namba ngapi? Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? Akiumwa usiku, nani anaamka? Namba ya kiatu sikuijua, mkuu. Mama yake alijibu yote bila kufikiri. Nilimchukia yule afisa mwezi mzima, lakini kazi yake aliifanya.

Mtoto akabaki kwa mama, mimi nikapewa kumwona "kwa nyakati zinazofaa". Usikubali maneno hayo hata kidogo! Zinazofaa kwa nani? Kila nikipiga simu, mara ana mafua, mara wamekwenda msibani. Omba ratiba iandikwe kwenye amri ya mahakama yenyewe: Ijumaa ya ngapi, saa ngapi, anachukuliwa wapi, nani analipa nauli, likizo ya Juni na ya Desemba zinagawanywaje, na Idi au Krismasi ni zamu ya nani.

Amri ya malezi haifungi milele. Hali ikibadilika kweli, unarudi mahakamani kuomba irekebishwe. Mama yake alipohamia Morogoro, wikiendi za kuja kwangu zikawa mateso kwa mtoto, anafika kwangu Jumamosi amechoka kwa safari, Jumapili mchana yuko tena kwenye basi. Nikaomba tubadilishe: wikiendi moja tu kwa mwezi, na nusu ya kila likizo. Mama yake hakupinga, kwa sababu safari hii nilimpigia kabla sijafungua maombi. Ugomvi wetu wa zamani ulikuwa wa kupelekeana wito wa mahakama bila salamu.

Wangu sasa ana miaka 12, kiatu namba 38. Wewe kama unataka talaka anza na baraza wiki hii, na ukipata hati useme hapa, nitakuonyesha nilivyoandika ile ratiba.