Boga Kubwa na Mvua za Masika

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nipo Wete. Nimepanda boga la aina kubwa, lakini masika haya maboga machanga yanaoza kuanzia upande wa ua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Mara nyingi boga la namna hiyo halikuchavushwa sawasawa, maana nyuki hawatoki mvuani. Chavusha mwenyewe asubuhi mapema: ua dume lipake ndani ya ua jike, kisha ulifunike lisilowe. Chimba mfereji kando ya tuta leo hii. Mizizi iliyozama haipumui. Bakisha boga moja kwa mche, ulitandikie makuti makavu. Boga la Uingereza la kilo 1,278.8, lililoweka rekodi ya dunia mwaka 2025, lililelewa bandani. Lako liko wazi, basi makuti yakilowa yabadilishe.