Kujua kama mvinyo mwekundu mchanga utadumu

Ndugu, umeuliza kama kasha lako la chupa 6 za mvinyo mwekundu linafaa kuwekwa mpaka mtoto afike darasa la saba. Fungua moja leo, ndiyo itakayokujibu.

Onja kidogo, zungusha mdomoni, kisha sikiliza fizi. Ukakasi ule unaokausha ulimi kama umeng'ata bibo ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Usiukimbie, maana pamoja na uchachu ndio unaoushikilia mvinyo miaka ikipita. Uchachu utaujua mate yakikujaa pembeni mwa ulimi.

Lakini ukakasi peke yake haufai kitu! Wengi wanakosea hapa. Chini yake lazima kuwe na ladha nzito ya tunda, kwa sababu tanini hulainika, ila tunda lisilokuwepo leo halizaliwi kabatini. Meza, kisha hesabu. Ladha ikipotea kabla ya sekunde 5, kunyweni mapema. Ikifika 15 na bado ni tamu kinywani, una kitu.

Nusu iliyobaki izibe, uonje tena kesho na keshokutwa. Ikizidi kunoga, ni dalili nzuri.

Mimi joto letu la Dar ndilo linaloniogopesha zaidi. Chupa zinataka giza na nyuzijoto 12 hadi 14, zikiwa zimelazwa ili kizibo kisikauke. Kama huna friji ya mvinyo, nakusihi zinywe ndani ya mwaka huu.