Shingo ilinifelisha

Juzi usiku, taa nimeshazima, simu ikalia mara moja. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza wa utabibu, sitamtaja, kaniandikia: "Dada, mkono nimeumaliza, mguu nimeumaliza, shingo imenishinda. Mtihani wiki ijayo. Wewe ulifanyaje?"

Nilicheka gizani peke yangu, kisha nikaona haya. Mimi nilifanyaje? Mimi nilifeli.

Wengi mnaonisoma mnanijua kwa makala za migongo na magoti, yule dada wa fiziotherapia kutoka Lamu anayewakemea kina mama kwa kulalia mito miwili. Hili la kufeli sijawahi kuliandika. Hata mamangu alilijua nusu. Basi leo liwe.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza chuoni. Mtihani wa anatomia kwa vitendo ulikuwa wa vituo 20. Unasimama mbele ya meza, kuna kipande cha maiti kimechomwa pini, swali limebandikwa kando, kengele ikilia unasogea. Harufu ya fomalini inakuchoma macho hata hujui kama unalia au ni dawa. Vituo 5 vilikuwa vya shingo. Mimi nilikuwa nimekariri. Daftari langu lilikuwa na kila msuli, waanzia wapi, waishia wapi, neva yake ipi, na nilikuwa nimeyatungia wimbo nikiuimba bwenini usiku mpaka wenzangu wakanitupia ndara.

Kituo cha kwanza cha shingo, pini nyekundu imechomwa kwenye ule msuli mnene wa kulia unaoshuka mshazari kutoka nyuma ya sikio hadi kidarini. Swali: utaje jina, kisha useme ukikaza peke yake uso unageukia wapi. Jina nililijua, stenoklaidomastoidi, nikaliandika kwa mbwembwe zote. Uso? Msuli wa kulia si utavuta kulia? Nikaandika kulia. Vituo 4 vilivyofuata naomba msiniulize.

Siku ya kupitia majibu, mwalimu aliinua karatasi yangu mbele ya darasa zima akasema, "Huyu arudi kwao Lamu akaendeshe punda." Darasa likaangua kicheko. Nimemsamehe. Nadhani nimemsamehe. Ila kama anasoma hapa, ajue kwamba babu yangu alisomesha watoto kwa punda wawili, na kwamba ule mji wetu wa kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, mpaka leo ukitaka kujenga ukuta, mchanga na mawe yatakufikia mlangoni kwa migongo hiyo hiyo. Kuendesha punda ni kazi.

Nikarudi Lamu likizoni na deni la kurudia mtihani. Mjomba wangu ni bucha, na nilidhani hapo nimepata njia ya mkato. Mchinjaji anaijua shingo kuliko watu wengi waliosoma: lazima ajue koo la pumzi, umio, na mishipa miwili ya damu ubavuni, la sivyo nyama yake hailiwi. Akanipa shingo ya beberu bure. Nikaichambua uani kwa kisu cha jikoni, paka wa mtaa mzima wamenizunguka. Nikatafuta mtulinga, ule mfupa wa kutoka kidarini hadi begani, siuoni. Nikarudi kwake mbio.

"Mjomba, mtulinga umeukata?"

"Mbuzi ana mtulinga wapi, mwanangu? Huko Mombasa mwasoma nini?"

Kweli, mbuzi hana. Na huyu msuli wetu sisi una vichwa viwili chini, kimoja kimeshika mfupa wa kidari, kingine kimeshika theluthi ya ndani ya mtulinga. Ukiondoa mtulinga hesabu yote inavurugika. Nilipogeuka, paka walikuwa wameshakula somo langu.

Kilichonifungua ni sala. Mungu anisamehe, akili yangu jioni ile haikuwa kwenye magharibi. Nilipofika kutoa salamu, nikageuza uso kulia, nikasikia kamba inakaza kushoto kwa shingo. Nikageuza kushoto, kamba ikakaza kulia. Nikabaki nimekaa juu ya msala, vidole shingoni, nikitoa salamu upya bila sala, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mama akauliza kama nimepagawa.

Maana hiyo ndiyo siri yote ya swali lililoniangusha. Juu, msuli ule umeshika nundu ya mfupa iliyo nyuma ya sikio. Chini, umeshika mbele, karibu na katikati ya kifua. Ukikaza, nyuma ya sikio inavutwa kuja mbele, na sikio la kulia likija mbele, uso utakwenda wapi kama si kushoto? Hapo hapo kichwa kinainama upande wa msuli wenyewe. Yote haya nilikuwa nayo daftarini, "waanzia", "waishia". Nilikuwa nimeyaimba miezi minne bila kujiuliza hata mara moja kamba iliyofungwa pale na pale itavuta nini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wa kwanza: shika shingo yako. Weka kiganja cha kushoto kwenye shavu la kushoto, usukume uso dhidi ya kiganja. Ule msuli wa kulia utasimama wenyewe, na vichwa vyake viwili utavihesabu kwa kidole.

Wa pili ni huo huo. Shika shingo yako umeze mate. Mimi nilifanya hivi Ramadhani nzima, na mate yako mwenyewe hayafunguzi. Kikoromeo kinapanda, kisha kinashuka. Juu yake kidogo, chini ya kidevu, kuna mfupa mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi, haioidi, ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote. Umening'inia kwa misuli na kano tu, kama tanga. Misuli 4 iko juu yake, kazi yao kubwa kuupandisha: digastriki, mailohaioidi, jeniohaioidi, stailohaioidi. Misuli 4 iko chini, kuushusha na kuushikilia: stenohaioidi, omohaioidi, stenothairoidi, thairohaioidi. Usiogope majina. Ukishajua "steno" ni mfupa wa kidari, "omo" ni bega kwa Kigiriki cha kale, "jenio" ni kidevu, basi jina lenyewe limeshakwambia kamba imefungwa wapi na wapi. Omohaioidi inatoka begani, ukingo wa juu wa mfupa wa bega, inakwenda kwenye haioidi, na ina matumbo mawili, yaani vipande viwili vya nyama vilivyoungwa na kano katikati. Nilikuwa naliimba jina hilo kila usiku bila kujua kwamba linasema.

Kuhusu neva, mahali panapowachanganya wote ni digastriki. Tumbo lake la mbele linaamriwa na neva ya tano ya kichwa, la nyuma na ya saba. Msuli mmoja, mabwana wawili, kwa sababu matumbo hayo yalitoka sehemu mbili tofauti mtoto akiwa bado kiinitete. Mjue hivyo na msonge mbele. Na platizma, ule utando mwembamba chini ya ngozi ambao hujitokeza ukikunja uso kama uliyeng'ata embe bichi, nao ni wa neva ya saba. Ni msuli wa uso ulioteremka shingoni kutembea.

Sasa niingie kwenye skalini, misuli mitatu ya ubavuni mwa shingo, maana hapa ndipo nilipopenda kazi yangu.

Anayekujua Lamu anajua vichochoro vyake. Kuta mbili ndefu, nafasi ya punda mmoja na mzigo wake. Ukikutana naye unajibana mlangoni mwa mtu. Skalini ya mbele na skalini ya kati ni kuta hizo mbili. Zinatoka kwenye pembe za pingili za shingo, zinashuka kushika ubavu wa kwanza. Kati yao, kichochoroni, unapita mshipa mkubwa wa ateri wa kwenda mkononi pamoja na lile fungu la neva za mkono mzima. Vena, mshipa wa kurudisha damu moyoni, haingii kichochoroni. Yenyewe hupita mbele ya skalini ya mbele, kama mtu aliyeamua kuzunguka kwa njia ya pwani. Skalini ya nyuma hushuka hadi ubavu wa pili. Na juu ya uso wa skalini ya mbele imelala neva ya frenika, inayoamuru kiwambo cha pumzi, nayo hutoka kwenye neva za shingo za 3, 4 na 5. Mwana wa Lamu hakosi ubeti, nikajitungia: tatu, nne hadi tano, pumzi kwa mapatano. Wasanifu mnisamehe.

Kuta zikikaza, waliomo kichochoroni wanabanwa. Hamali anayeshusha saruji gatini, magunia begani asubuhi hadi adhuhuri, akija kuniambia mkono unakufa ganzi usiku, situpi macho mkononi kwanza.

Nyuma ya shingo nilijifunzia kwa mama. Mama anashona kofia. Anayejua kofia za kwetu anajua ni miezi ya kuinamia vitobo vidogo kama macho ya uduvi. Jioni moja akaita, "Ndoo hapa unikande." Nikapitisha vidole kuanzia kisogoni. Trapeziasi juu, pana, imefunika kila kitu. Chini yake spleniasi, ambayo hugeuza uso upande wake yenyewe, kinyume na yule mkubwa wa mbele. Ukitoa salamu kulia, spleniasi ya kulia na stenoklaidomastoidi ya kushoto zinasaidiana. Pembeni leveta skapula, kutoka pingili 4 za juu hadi kona ya mfupa wa bega, na hapo pembeni ndipo mama aliposema "hapo hapo, usiondoe." Pingili za shingo zenyewe ni 7. Hata yule twiga ambaye Malindi ilimpeleka kwa mfalme wa China mwaka 1415 alikuwa nazo 7 tu, kama mama.

Mtihani wa kurudia nilipita. Vituo vya shingo vyote 5. Nikiwa kwenye meza ya tatu, mkono wa kushoto shingoni, mwalimu yule yule akapita nyuma yangu akauliza, "Unaumwa?" Nikamwambia, "Naangalia jibu." Hakucheka mtu.

Naomba mniruhusu nijisifu mara moja zaidi. Mwaka jana alinijia nahodha mmoja wa jahazi, mtu wa makamo, bega la kulia limeanguka, mkono haupandi juu ya bega. Alikuwa amekandwa, amechuliwa, amepakwa mafuta ya kila aina, kila mmoja akihangaika na bega. Nikamwambia avue shati. Nyuma kidogo ya ule msuli mkubwa, ubavuni mwa shingo, kulikuwa na kovu jembamba la urefu wa kucha. Nikamuuliza. Akasema alitolewa tezi, mahali fulani, miezi kadhaa nyuma, jambo dogo, hata hakulazwa. Basi neva ya kumi na moja, ile inayoamuru trapeziasi, msuli unaolibeba bega, hutokea ukingo wa nyuma wa stenoklaidomastoidi na kukatiza hapo hapo, karibu kabisa na ngozi. Niliandika barua ya rufaa siku hiyo hiyo, kwa daktari wa upasuaji, na nilieleza sababu. Aliyenijibu aliniita "daktari". Sikumsahihisha mara moja.

Ndiyo maana nawaka ninapoona wanafunzi wa sasa. Mna picha zinazozunguka kwenye simu, mna rangi, mna video, na bado mnanitumia majedwali mkiuliza "nikariri ipi kwanza?" Shingo mmebebeshwa bure tangu kuzaliwa. Mko nayo kwenye basi, kitandani, hata ndani ya chumba cha mtihani, na hakuna msimamizi atakayewanyang'anya. Ishikeni. Kila msuli ujiulize umefungwa wapi na wapi, ukikaza nini kitasogea, kisha usogeze uone. Msiponisikiliza mtakuja kusimama mbele ya nahodha wa mtu mkamkande bega.

Samahani, nimeanza kufoka.

Usiku ule sikumwandikia yule binti yote haya. Nilimwambia alale chali bila mto, ainue kichwa kidogo kutoka kitandani, mkono shingoni. Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Zimesimama mbili, kama kamba."

Nikamwambia usiteremshe kichwa. Geuza uso kulia, uniambie ipi imebaki.

Ikapita dakika nzima.

"Ya kushoto," akaandika.