Deni la mabati 12

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: makosa ya ujana wako umeyapokeaje? Langu lina hesabu yake kamili. Ni mabati 12.

Nilikuwa na miaka 19, kwetu Pangani. Mama mdogo, aliyenilea tangu utotoni, aliuza nazi misimu miwili mpaka zikatimia pesa za kuezekea chumba chake. Akazifunga kwenye kitambaa, akanituma Tanga mjini nikanunue mabati. Sikurudi. Nilipanda basi la Dar es Salaam, na zile pesa hazikufika mwisho wa mwezi.

Miaka tisa niliswali na kuomba maghufira, moyo usitulie. Aya ya 53 ya Surat Az-Zumar, inayotukataza tuliojidhulumu nafsi zetu kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, nilikuwa nimeihifadhi tangu chuoni. Nikiisoma, naona wanasemwa wengine. Siku moja nikamfuata shehe. Akanikumbusha masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia. Na kosa likigusa haki ya mja, lipo la nne: umrudishie mwenyewe, au umtake radhi akuhalalishie. Hilo la nne ndilo nililokuwa nikilikimbia. Kulia juu ya mswala kulikuwa rahisi kuliko kusimama mbele ya mama mdogo.

Nilirudi 2008 na mabati yangu juu ya pikapu. Nilimkuta uani anachagua mchele. Paa lilikuwa lile lile la makuti. Ndani, kando ya kitanda, sufuria ya kukingia mvua imekaa masika kwa masika mpaka imechimba duara kwenye sakafu ya udongo. Nililitazama lile duara, maneno yote niliyoyapanga njiani yakaniishia.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikapiga magoti. Akaniacha nilie, kisha akasema: "Nimeshakusamehe zamani, mwanangu, duniani na akhera. Nilichokuwa nakiomba ni usife hujajua. Haya, inuka. Fundi wa kuezeka ni wewe."

Niliezeka siku mbili, na usiku wa pili nililala chini ya paa lile. Hata leo mvua ikipiga bati usiku huzinduka, nikasema astaghfirullah, kisha usingizi ukanichukua.