Kufunga hedi ya 4A-FE nyumbani

Kaka uliyeuliza hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya 4A-FE, injini ya Toyota, inakazwa kiasi gani baada ya kubadili gasketi: usikaze kwa kukisia mkono. Boliti ni 10. Unaanzia za katikati ukienda nje, raundi ya kwanza Nm 29 kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kisha unazungusha kila boliti nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu nyuzi 90 nyingine. Weka nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila boliti, utaona kwa macho imezunguka kiasi gani. Usichanganye urefu: fupi za mm 90 upande wa inteki (hewa inapoingilia), ndefu za mm 108 upande wa egzosi (moshi unapotokea).

Mashimo ya boliti kwenye bloku yawe makavu. Mimi niliwahi kuacha oili chini ya shimo moja. Spana ikalia "tak" mapema nikafurahi, kumbe hedi haijabanwa. Wiki haikuisha, maji yakaingia kwenye oili, ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua upya, gasketi nyingine, hela nyingine.

Ukishavalisha taimingi belti, toa plagi zote, zungusha krenki kwa mkono raundi 2 kuelekea mshale wa saa, kisha hakiki alama za taimingi tena. Ikigoma, rudi nyuma, usilazimishe.

Siku ya kuwasha, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) kwanza ili injini isiwake, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe fyuzi.