Kinachochelewesha ununuzi wa jeshi si zabuni

Mkuu, umeuliza kwa nini jeshi lichukue miaka kununua kitu kilichopo sokoni leo, na kama dawa si kufuta zabuni. Nimefanya kazi bohari na kukaa kwenye kamati za ununuzi wa kijeshi. Kwa nilivyoona, zabuni yenyewe hula wiki tu. Miaka inaliwa na hati ya mahitaji, yaani karatasi inayosema kifaa kiwe na sifa gani.

Kila idara huongeza kigezo chake. Redio ya doria inaanza ikiwa kifaa cha kuongelea. Ikitoka kamatini inatakiwa izame majini, ihimili barafu, na iwasiliane na mitambo ambayo bado haijanunuliwa. Hakuna kiwanda chenye kitu hicho, basi kinaanza kubuniwa upya.

Marekani mwaka 2007, waziri wa ulinzi Robert Gates aliyapa magari ya MRAP, yaani magari ya kivita yaliyojengwa kuhimili mabomu, kipaumbele cha kwanza, maana mabomu ya barabarani yalikuwa yanaua askari Iraki. Walichukua miundo iliyokwisha kuwepo, wakaagiza kwa kampuni kadhaa kwa mpigo, na magari yakalipuliwa kwenye majaribio. Yakaja kwa maelfu, yakaokoa watu. Ila kila kampuni ilileta gari lake na vipuri vyake, na kwenye njia mbovu za Afghanistan yakaonekana mazito mno. Mwaka 2009 ikabidi liagizwe jepesi zaidi, M-ATV.

La vipuri limenikuta mwenyewe. Tulinunua redio kwa dharura, zikawahi kufika. Tukafungua makasha: betri moja kwa kila redio, na chaja za umeme wa ukutani tu, wakati doria inalala porini siku nne. Haukupita muda, nyingi zikawa zimelala rafuni na vijana wamerudia zile kuukuu. Sahihi yangu imo kwenye orodha ya ununuzi ule, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo ukitaka haraka, punguza vigezo, ushindani uache. Nunua chache kutoka kwa wazabuni wawili watatu, wape kikosi kimoja wazitumie mwezi mzima, fundi wa kikosi hicho akiwa mezani mkiamua. Kwa droni ni lazima kabisa: Ukraina, adui akibadili namna ya kuvuruga mawimbi yanayoongoza droni, oda kubwa ya mwaka mzima inageuka mzigo. Na betri, chaja, vipuri na mafunzo viingie kwenye mkataba uleule. Ukiambiwa vitafuata baadaye, usisaini.